Jiko la Kilango

Jiko lile liliokolewa na giza. Tarehe 11 Januari 2022 stima zilipotea Kenya nzima baada ya nguzo za umeme mkubwa kuanguka, na ikasemwa kuna watu waliokuwa wakizifungua vyuma ili wakauze. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu. Viwanja vya skrapu vikatiwa kufuli. Pale Jomvu, hapa Mombasa, lori lililokuwa limeshapakiwa nusu halikuondoka kwenda tanurini, na katika shehena iliyobaki chini, kati ya mlango wa matatu na mabomba ya maji, niliona miguu minne imeelekea juu kama ya mbuzi aliyelazwa chali.

Niliiona miguu kabla ya kuliona jiko. Ilikuwa imefuliwa kwa moto, kila ncha imekunjwa kwa nje ikafanya kijiduara, ndiposa isizame mchangani. Siku hizi fundi hapotezi saa nzima kwa mguu wa jiko: anakata paipu, anachomelea, anashika lingine. Nikamwambia kijana aliyekuwa akilinda uwanja, "Hilo usiliguse, mwanangu." Akasema, "Mzee, hapa hakiguswi kitu mpaka serikali iseme." Nikapita pale mara tatu kabla ya Mei, nikichungulia uzioni kuhakikisha miguu bado iko. Marufuku yalipoondolewa nilikuwa getini asubuhi na mapema. Nikalipimiwa kwa mizani kama chuma kingine chochote: kilo 13.

Mimi ni fundi wa bati, mtoto wa fundi wa bati. Baba yangu alifanya kazi Majengo, hapa Mombasa, akitengeneza vibatari, ndoo, karai na mikebe ya kupimia maziwa, vyote kutokana na madebe ya mafuta ya taa. Debe lenyewe lilikuwa la galoni 4, na yalikuwa yakija mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Sanduku likawa kiti, debe likawa kila kitu. Kazi aliisomea kwa fundi wa Kibohora, maana Mabohora ndio waliokuwa na bati na lehemu mjini. Alianza kwa kufagia, akapanda akawa mshika upande wa pili wa bati, na ilimchukua miaka kabla ya kukabidhiwa mkasi. Nami akanipitisha njia ile ile. Kwa hiyo nilipolishika jiko la Jomvu mikononi nilikuwa nalisoma kabla sijalifikisha nyumbani.

Lilikuwa na urefu wa futi tatu na nusu, na upana wa shubiri moja tu. Upana huo ndio unaolitambulisha jiko la mishkaki. Jiko la kupikia sufuria ni la duara; la nyama choma ni pana, lina wavu juu. La mishkaki ni jembamba kama mtaro, kwa sababu kijiti chenyewe ndicho wavu. Ncha zake mbili hulala juu ya kingo, nyama ikabaki hewani juu ya makaa bila kugusa chuma. Ukilipanua inchi mbili tu, kijiti hakifiki ng'ambo. Ukilibana, moto unakosa hewa. Aliyelikata alijua kipimo cha kijiti cha mteja wake.

Kilichonifanya nikae kitako ni viungo. Hapakuwa na tone la welding. Pande mbili ndefu na tako zilikuwa bati moja lililokunjwa mara mbili, na vile vipande vya mwisho, kushoto na kulia, vilishikiliwa kwa ribiti tisa tisa. Lehemu haifai kwenye jiko, huyeyuka kabla nyama haijabadilika rangi. Na mtu asiye na umeme wala gesi hachomelei. Zilizobaki ni njia mbili za zamani, mkunjo na ribiti, na kwa moto ndizo bora. Bati likipata joto hutanuka, likipoa hurudi. Kiungo cha ribiti hucheza nalo kidogo, kiungo cha welding hukaza, na baada ya miaka michache ufa hutokea kando kando ya mstari wa kuchomelea. Majiko mengi ninayoletewa kurekebisha leo yamepasuka hapo hapo.

Nilipolisugua kipande cha upande wa kulia kwa burashi ya waya, herufi zikaanza kuinuka kutoka chini ya kutu: GALL. Zilikuwa zimeinuliwa kiwandani kwenye mfuniko wa pipa, na zilisomeka kwa ndani, kinyume. Kumbe hilo ni pipa la wakati wa galoni. Mapipa yale ya chuma yenye mikanda miwili ya kuviringishia yalibuniwa Marekani mwaka 1905, katika kiwanda cha Nellie Bly, yule mwandishi wa magazeti aliyewahi kuizunguka dunia kwa siku 72. Huku kwetu yalizagaa wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, kundi la manowari za Kiingereza lilihamishia makao yake Kilindini, na jeshi popote liendapo huacha mapipa. Kwa hiyo naliweka jiko hili baada ya vita na kabla ya lita kuchukua nafasi ya galoni. Chuma hakisemi zaidi ya hapo, nami sitakisemea.

Lakini umbo la kazi ni la zamani kuliko pipa. Watu wa Pwani tulikuwa na seredani, na neno hilo bibi zetu walilitumia wakati vijana wameshahamia kwenye "jiko" tu. Wanaoandika juu ya majiko husema lile jiko la bati la Kenya lilikuja na Wahindi waliojenga reli. Reli ya kwanza ililazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Waliletwa Wahindi karibu 32,000, wengi wakiwa wa Punjab. Karibu 2,500 wakafa, na waliobaki nchini baada ya kazi hawakufika 7,000. Miongoni mwao walikuwa wahunzi na maseremala, na kwao jiko la makaa la kubebeka liliitwa sigri. Nenda Kampala leo ukaulize jiko la makaa, utaambiwa sigiri. Jina limesafiri na reli na halijashuka. Ng'ambo ya hapo, Rwanda, ni imbabura, na Lubumbashi ni mbabula. Hao wana ukoo wao mwingine wa majina.

Reli ilitupa kitu cha pili ambacho hakiandikwi sana. Mhunzi anahitaji fuawe, na fuawe la dukani ni ghali. Sisi tulilipata relini. Kipande cha reli cha futi mbili, kimelala juu ya gogo, ndicho fuawe la mafundi wa nchi hii. Mgongo wake wa mviringo hukunja bati, ubavu wake hunyoosha, na chuma chake hakibonyei. Langu nimelirithi. Katikati limeingia kidogo, pale ambapo nyundo ya baba ilipenda kuangukia, na bati lolote linalopita hapo hutoka na kiuno kidogo ambacho mimi nakitambua hata nikiliona sokoni.

Mwaka 1977 nilipanda treni nikaenda Nairobi, kwa sababu Mombasa kazi ya vibatari ilikuwa inakufa. Nikapokewa Shauri Moyo na mwenzake baba, mzee wa Kikamba aliyekuwa na kiwanja cha hatua nne kwa nne, bila paa. Wakati huo Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeshaandika ripoti yake ya mwaka 1972, iliyowaambia wakubwa kwamba watu kama sisi ni uchumi pia, na Kenneth King wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alikuwa akiwafuata mafundi wa koroboi kuandika walivyotoka kwenye karakana za Wahindi wakaanza vyao. Sisi hatukujua habari za ripoti. Tulijua askari wa jiji. Alfajiri ukifika unasikiliza kwanza: ukisikia nyundo, kuna amani, kukiwa kimya, geuka.

Kelele za pale sijazisikia tena popote. Mamia ya watu wanagonga chuma juu ya reli kuanzia asubuhi, kila mtu na mdundo wake, na baada ya mwezi mmoja unamjua kila fundi kwa sikio. Tulikuwa tunakata mapipa kwa tindo na nyundo. Kuna sababu. Pipa lililobeba mafuta huwa na mvuke ndani, na cheche moja ya mashine yatosha. Mwenzangu mmoja, kijana wa rika langu, aliharakisha jioni ya Jumamosi akatumia moto kulikata pipa ambalo hakuna aliyelifungua kizibo na kulijaza maji. Alipona, lakini hakushika tena nyundo kwa mkono wa kulia. Mpaka leo pipa haliingii uani kwangu bila kulala usiku mmoja limejaa maji.

Rais Moi alikuja kwetu Kamukunji mwaka 1985, akatukuta juani, akaahidi vibanda. Vibanda vikaja. Jina la jua kali, ambalo watu walikuwa wakilisema kwa kudharau, likaingia kwenye hotuba na baadaye kwenye karatasi za serikali. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, na bado nashukuru kwa kivuli. Lakini jambo kubwa lililotupata miaka ile halikuwa kibanda. Lilikuwa jiko.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya. Mafuta yalikuwa yamepanda bei sana katika muongo mmoja, misitu ilikuwa inaliwa, na wataalamu wakageuka kuliangalia jiko la mama wa mjini. Lile jiko letu la bati lilikuwa linapoteza joto sehemu kubwa sana. Shika ubavu wake likiwa limewaka, utajua joto linakwenda wapi. Kutoka Thailand yakaja majiko ya ndoo, chuma nje na udongo ndani, mazito, mazuri kwa makaa, mabaya kwa mama anayeyahamisha kutoka barazani. Watu wa Wizara ya Nishati na wafadhili wa Marekani, na kati yao Mkenya mwenzetu Maxwell Kinyanjui, wakaja mpaka kwa wagongaji bati. Kikatoka kitu cha tatu: jiko lenye kiuno, chini pana lisianguke mtu akisonga ugali, juu limevikwa udongo uliochomwa na kutobolewa matundu, na kati ya udongo na bati saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya vamikulaiti. Halikusajiliwa haki ya mtu yeyote. Kila aliyeweza kukata bati alilikata.

Majiko ya mwanzo yalitutesa. Udongo ulipasuka, wateja wakarudi na vigae mikononi. Mfinyanzi na mgongaji bati walikuwa watu wa mitaa tofauti, na kipimo cha mmoja hakikumkaa mwenzake. Ukipokea vikombe 50 vya udongo, 12 haviingii kwenye bati. Ilichukua miaka kupatana. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamesambaa majiko zaidi ya 700,000 nchini, na jiko hilo likavuka mpaka likawa jiko bora Tanzania, lakech Ethiopia, sakkanal Senegal. Lilipunguza makaa kwa theluthi na zaidi katika nyumba nyingi. Mimi mwenyewe niliyakata maelfu. Nalisema hili kwanza ili mtu asidhani nina kinyongo na jiko la udongo. Limewaachia mama wengi pesa za unga.

Sasa turudi uani kwangu Mombasa, Juni 2022.

Siku tatu za kwanza nililipaka mafuta ya taa na kulifunika gunia. Kutu ya bahari haitoki kwa hasira. Siku ya nne nikaanza kulikwangua kwa kisu kisicho na makali. Masizi na shahamu ya miaka vilikuwa vimeshikana vikawa kama lami, unene wa sarafu ya shilingi 20. Upande mmoja mrefu, chini, palikuwa na utepe wa bati upana wa vidole viwili, umepita kutoka mwisho mpaka mwisho. Nilidhani ni kiraka, au mkanda wa kuimarisha. Mwanagenzi wangu ndiye aliyeona. Alikuwa amelala kifudifudi akichokoa matundu ya hewa kwa msumari, akasema, "Fundi, hili tundu lina tundu lingine nyuma, lakini halijakaa sawa."

Nikalala naye pale chini. Kweli. Ukutani mwa jiko kulikuwa na matundu 22, yametobolewa kwa tindo. Kwenye utepe kulikuwa na matundu mengine 22 ya kipimo kile kile, yamesogea kando kwa nusu inchi. Juu na chini ya utepe kingo za bati zilikuwa zimekunjwa zikafanya mfereji, na mwisho wa kulia wa utepe ulikuwa na kijishikio kilichofinyangwa kutoka kwenye bati lenyewe. Ilikuwa ni kilango. Kilango kirefu cha kuteleza. Ukikisukuma, matundu yote 22 yanafumba kwa mara moja; ukikivuta, yanafumbua.

Jiko la bati la kawaida lina kilango kimoja cha bawaba, mbele, cha kupitishia hewa na kutolea jivu. Hicho kila mtu anakijua. Lakini kwenye jiko la mishkaki, ambalo hewa huingia kwa urefu wote, nimeona matundu wazi maisha yangu yote, hapa, Nairobi, Tanga, Unguja pale Forodhani. Muuzaji akitaka kutuliza moto humwagia jivu au hutoa makaa. Kilango cha namna ile nilikuwa sijawahi kukiona, wala sijakiona tangu hapo.

Hakikutaka kutembea. Kingo za mfereji zilikuwa zimegandiana nacho. Kukigonga ni kukivunja, kwani bati lilikuwa limeliwa na kutu likawa jembamba. Nikaliwasha jiko kwa maganda ya nazi, moto mdogo, mpaka shahamu ikaanza kulia na kutoa moshi, nikadondoshea mafuta ya taa pembeni likishapoa, nikaacha. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikakishika kijishikio kwa koleo lililofungwa kitambaa, nikasukuma kwa uzito wa mwili tu, bila mshtuko. Kikapiga kelele kama mlango wa jahazi. Kikatembea upana wa punje ya mahindi. Mwanagenzi akaruka. Kufikia Alasiri kilikuwa kinakwenda na kurudi kwa kidole kimoja, na matundu 22 yakafumba na kufumbua mbele ya macho yetu.

Fikirieni kilivyokuwa kinafanya kazi. Mishkaki ni biashara ya vipindi. Baada ya Maghrib watu humiminika, baada ya Isha hupungua, sinema zikitoka hurudi tena. Katikati ya wimbi na wimbi makaa yanateketea bure, na makaa ndiyo faida yako inayoungua. Mwenye jiko hili alifumba kilango, makaa yakalala chini ya jivu lake, na mteja alipotokea akakivuta, akapepea mara mbili kwa upepeo wa ukindu, moto ukaamka. Fundi asiyejulikana, kwa kipande cha pipa na tindo, alishalikabili swali ambalo mkutano wa 1981 ulikuja kuliuliza kwa lugha nyingi. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Miaka yote niliyokaa Shauri Moyo tukifundishwa kubana makaa, nilikaa nikiamini kwamba sisi na baba zetu tulikuwa tukipoteza tu, hatukuwahi kulifikiria jambo hilo. Kumbe lilifikiriwa, likakatwa, likafanya kazi usiku baada ya usiku hapa hapa Mombasa. Halikuandikwa, basi. Mafundi walikuwa wakiangalia kazi ya mwenzao na kuichukua kwa macho, na kisichochukuliwa na macho ya mtu kilikufa na mwenyewe.

Ndiyo maana sikutaka kulifanya jipya. Sakafu ya ndani, ile yenye kubeba makaa, ilikuwa imekwisha, hiyo sikuwa na budi kuibadili. Bati la paa halifai hata kidogo. Lina zinki, na zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe ambao fundi akiuvuta huamka usiku anatetemeka kama mwenye malaria. Nikatafuta pipa la zamani, nikalichoma tupu mpaka rangi yote ikaisha, nikakata sakafu, nikatoboa kwa tindo kwa kufuata mpango wa matundu ya ile iliyokufa, ambayo nilikuwa nimeichora kwenye karatasi kabla haijasambaratika mikononi.

Ribiti nne zilikuwa zimelegea. Za dukani ni za aluminiamu, zitayeyuka mbele ya makaa. Nikazitengeneza kwa waya wa chuma laini wa milimita 5. Unaukata urefu wa tundu na zaidi kidogo, unaupasha mpaka uwe mwekundu kama jua la magharibi, unaupenyeza. Mwanagenzi anaegemeza kichwa cha ribiti kwenye reli, mimi nagonga upande wa pili, kwanza katikati, halafu pembeni kwa kuzunguka, mpaka kofia ifanyike. Kisha unasubiri, na hapo ndipo kazi inapofanyika, kwa sababu ribiti ikipoa hujikunyata na kuvuta mabati mawili yabanane kuliko mkono ungeweza. Ukiitia maji kwa haraka umeiharibu. Nilimwambia kijana aweke sikio karibu. Inapojivuta hutoa mlio mdogo, tik, na yeye sasa hapitishi ribiti bila kuusikiliza.

Mtu mmoja mwenye mkahawa alikuja, akalipenda, akataka nimsawazishie kingo na kulipaka rangi nyeusi ya kung'aa. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Nikamwonyesha kingo. Ukingo wa upande wa kilango, ambao ndio upande wa muuzaji, una mikwaruzo mifupi mifupi iliyochimbwa na vijiti, mamia kwa mamia, na yote imeinamia kushoto. Mtu anayegeuza kijiti na kukivuta kwake kwa mkono wa kulia huinamisha mchubuko kulia. Na kijishikio cha kilango kiko mwisho wa kulia, mahali pa mkono usio na kazi. Muuzaji alikuwa wa shoto. Fundi alilijua hilo, akamfanyia jiko kwa mkono wake, kama fundi cherehani anavyomkatia mtu kanzu. Kwetu Pwani mtoto wa shoto hukatazwa tangu mdogo asipokee wala kula kwa mkono huo. Naona huyu alitii kwenye sahani, na mbele ya moto akaachiwa mkono wake. Nikisawazisha kingo, mtu huyo hayupo tena. Nikakataa. Mwenye mkahawa akaondoka kwa adabu, nami nikampigia jiko la kisasa, refu zaidi, mwezi uliofuata. Nimelitia kilango.

Rangi sikupaka. Nililipasha moto, nikalifuta kwa kitambaa chenye mafuta membamba ya kupikia, likiwa bado linaunguza, mara tano. Limekuwa jeusi la kahawia, halishiki vidole. Kwenye tako, karibu na mguu wa nyuma, kuna alama ya tindo: mistari miwili mifupi na nukta. Mafundi wengi walikuwa na alama, kwa kuwa karakana moja ilichoma kazi za watu wengi na kila mtu alilipwa kwa yake. Nimeipeleka picha kwa wazee watatu, mmoja Kisauni, mmoja Tanga, na mmoja aliyekuwa Shauri Moyo kabla yangu. Wawili hawaijui. Wa Tanga aliitazama kwa muda mrefu, akasema aliwahi kuiona kwenye sinia ya kashata, akiwa mtoto, sokoni, na hakuweza kukumbuka soko gani.

Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Huwezi kung'oa mlango wa nakshi wala kubomoa roshani bila ruhusa, na ni haki. Lakini nyumba inaponunuliwa na kukarabatiwa, jikoni huondolewa kwanza. Mbuzi za kukunia nazi, seredani, mapipa ya maji, majiko ya mofa, vyote hupakiwa kwenye mkokoteni na kufika Jomvu kabla ya Adhuhuri. Tangu 2022 nimetoa humo majiko sita. Moja ni seredani ya miguu mitatu ambayo imeundwa kwa mkunjo mtupu, bila ribiti hata moja, na bado sijaelewa fundi wake alianzia kukunja wapi. Nalifungua na kulifunga kwa macho kila usiku kabla ya kulala.

Jiko la kilango liko ukumbini, na Ijumaa hutoka nje. Mke wangu ndiye anayekishika kilango. Amelijua kuliko mimi, husikia makaa yanavyolia akajua akifungue robo au nusu.

Jana jioni yule kijana wa Jomvu, ambaye sasa ana uwanja wake, amenipigia simu. Kuna kitu kimeingia kutoka nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, anasema ni kama jiko lakini lina ghorofa mbili, na katikati lina sinia inayozunguka. Nikamwuliza limeunganishwaje. Akaenda kuangalia, nikisikia viatu vyake juu ya mabati. Akarudi: "Misumari ya vichwa, Mzee, ile unayopenda." Lori linaondoka Jumamosi alfajiri. Nimemwambia alitoe pembeni, na mwanagenzi ameshaazima mkokoteni.